Mawe ya Redio Juani

Kila mchana nikirudi shule, kabla sijavua sare, nilipanda juu ya pipa la maji uani nikayapanga mawe ya redio juu ya bati la choo. Yalikuwa manne, ya National, mazito kiganjani. Waliosoma waliyaita betri. Sisi wa Mtaa wa Mchikichi tuliyaita mawe. Redio ikianza kukokota maneno kama mgonjwa wa homa, mawe hayakutupwa. Ulikuwa mwaka 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na kutuachia foleni za sukari na sabuni, na jiwe jipya lilipatikana kwa kujuana na mwenye duka. Basi uliyaanika kama unavyoanika mpunga, ukayageuza, na alasiri ukayateremsha yakiwa ya moto, yakakupa jioni moja zaidi. Babu alikuwa akisema jua la Mola halina foleni.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama nyingi za Kariakoo wakati ule: vyumba sita, vitatu vikitazamana na vitatu, na ukumbi katikati uliopitisha upepo kutoka barazani hadi uani. Barazani alikaa babu na cherehani yake ya Singer. Uani alikaa bibi na mbuzi yake ya kukunia nazi. Mimi nilikuwa wa katikati. Nilishona vifungo vya kanzu nimekaa mkekani nyuma ya mlango wa mbele, mahali ambapo mtoto wa kike aliweza kusikia mazungumzo yote ya wazee bila kuambiwa apite ndani.

Njoo ukae nami hapo mkekani, jua likiwa limeshuka upande wa Magomeni. Harufu ya kwanza ni ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Ya pili ni mihogo inayokaangwa ng'ambo ya barabara, mafuta yakilia, na mama mwenye karai akiipasua na kuipaka pilipili ya ndimu. Upepo ukigeuka unaleta ng'onda na dagaa kutoka upande wa sokoni. Kwa mbali basi la UDA linanguruma, lile Ikarus refu tulilolipa jina la kumbakumba, limeinama upande mmoja kwa watu walioning'inia mlangoni. Kisha unasikia vikombe vikigongana kiganjani mwa mtu, ta-ta-ta, ta-ta-ta. Muuza kahawa huyo. Dele lake linafuka juu ya makaa, na kashata za njugu zimepangwa kwenye sinia. Wazee wanasogea kwenye baraza, kila mmoja mahali pake pa jana.

Babu anasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Anafuta vidole. Anageuza kifundo cha redio polepole, kwa maana antena yake ilikuwa imeunganishwa na waya mrefu uliofungwa kwenye mpapai wa jirani, na ukigeuza kwa pupa unaikosa London. Kwanza unatoka mluzi. Halafu Kiarabu. Halafu mvumo kama wa bahari ya usiku. Kisha Kiswahili kinaibuka, kinazama, kinaibuka tena.

BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili Juni 1957, na wazee wale walikuwa wameizoea tangu kabla ya Uhuru. RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa redio ya nyumbani, yenye taarabu, mpira, mashairi na matangazo ya vifo. London ilikuwa mizani. Habari ikishasemwa mchana na RTD, walisubiri jioni waipime.

Katika wazee hao mmoja hakuwa wa Mrima, pwani yetu. Alikuwa mzee wa Mombasa, kuli mstaafu wa bandarini, mtu mrefu mwenye kofia ya viua na jicho moja lililoanza kuingia mtoto. Alikuja Dar es Salaam kwa jahazi enzi za Mwingereza, akasema atakaa miezi mitatu. Kiswahili chake kilitupa kazi sisi watoto. Kwake njaa ilikuwa ndaa, njia ilikuwa ndia, mchele ulikuwa mtele. Siku ya kwanza aliponiita, "Ndoo hapa, mwanangu," nilikimbia uani nikamletea ndoo. Baraza zima lilicheka. Naye, kwa uchungu wa kujitania, akawageukia wenzake, "Mwanteka?" Nami nikashangaa zaidi, kwa kuwa mtoto wa Kariakoo anajua kuteka ni kuteka maji, na ndoo ninayo mkononi, na hakuna anayeteka kitu. Kumbe kwao kuteka ni kucheka.

Ni yeye aliyeitambua ile sauti. Jioni moja, katikati ya mvumo, kilisikika Kiswahili kisicho na haraka, kila neno limewekwa chini taratibu kama kikombe kilichojaa. Mzee wa Mombasa alijipiga paja, kahawa ikamwagikia kanzu.

"Huyo ni Abdilatif! Mwana wa Kuze huyo!"

Kuze ni mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa. Namna alivyolitamka jina lile, ungedhani ameona taa ya nyumba yao kutoka baharini.

Tangu siku hiyo habari za Abdilatif Abdalla zilitujia kwa mafungu, jioni baada ya jioni, baada ya redio kuzimwa ili mawe yapumzike. Alizaliwa mwaka 1946 akalelewa katika nyumba ya washairi. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika waraka wa siasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa siri. Mwaka uliofuata alihukumiwa na kufungwa miaka mitatu, peke yake chumbani, katika gereza la Kamiti na baadaye la Shimo la Tewa. Hakuruhusiwa karatasi ya kuandikia. Mashairi yake aliyaandika kwa kificho kwenye karatasi za chooni.

Hapo ndipo mimi nilipokwama. Choo chetu kilikuwa na kopo la maji, na karatasi ya chooni sikuwahi kuiona. Nilimuuliza bibi. Bila kuinua macho kwenye mbuzi yake, alisema ni vikaratasi vya Kizungu, vyepesi kama ganda la kitunguu. Usiku ule nilichukua ganda la kitunguu na penseli ya shule nikajaribu kuandika jina langu. Lilitoboka kwenye herufi ya pili. Nikajaribu ganda jingine, nikiandika kwa kuelea. Nilipata herufi nne. Nililala nikifikiria mtu aliyeandika kitabu kizima namna ile.

Alitoka gerezani mwaka 1972, na mwaka huohuo akaja kwetu, Dar es Salaam. Chuo Kikuu pale Mlimani kilimpokea katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, naye akafanya kazi hapo hadi 1979. Mashairi ya gerezani yalitoka kitabuni mwaka 1973, kikaitwa Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Mzee wa Mombasa hakuchoka kuirudia hiyo. "Wamemfunga kwa serikali ya Mzee," alisema, akinyoosha kidole kimoja, kisha cha pili, "wamemtuza kwa jina la Mzee!" Baraza lilicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Miaka hiyo saba ilikuwa miaka ya mabishano. Kichomi cha Kezilahabi kilitoka 1974, kikaja na mashairi yasiyojali vina. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Ugomvi wa vina na mizani ukashuka kutoka Mlimani hadi kwenye kurasa za magazeti, na kutoka magazetini hadi kwenye baraza letu. Babu alikuwa upande wa kale, na hoja yake ilikuwa ya fundi: shairi bila vina ni kanzu isiyokunjwa upindo, utaivaa lakini itafumuka. Mwaka huohuo wa 1976 Abdilatif alitoa Wema Hawajazaliwa, tafsiri yake ya riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana. Aliandika pia kuhusu wajibu wa mshairi katika jamii yake. Wazee wa Mchikichi hawakuyasoma yote hayo. Waliyajua kama walivyojua bei ya karafuu, kwa kusikia, na kwa uhakika zaidi ya waliosoma.

Kisha mwaka 1979 akaenda London, akajiunga na BBC. Ndiyo maana mwaka 1980 sauti yake ilikuwa ikitufikia kutoka Bush House kwa waya uliofungwa kwenye mpapai.

Sasa twende sokoni, maana kitabu nilikipata huko. Jumamosi asubuhi bibi hushika kikapu na mimi hushika upindo wa kanga yake. Tunapita Mtaa wa Kongo, tunakata Mtaa wa Swahili. Soko jipya lilikuwa na miaka mitano tu. Lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975, na mapaa yake ya zege yalisimama kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Chini kulikuwa na shimoni, penye ubaridi na giza la kijivu, penye harufu ya viazi vyenye udongo, vitunguu, na magunia yaliyolowa. Wapagazi walipita mbio na mizigo kichwani wakipiga kelele watu wapishe. Bibi alipenda kunikumbusha kwamba mtaa mzima ni wa hao. Jina Kariakoo ni Carrier Corps lililotafunwa na ulimi wetu: wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliowekwa pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliokufa njiani wakibeba mizigo ya vita isiyo yao walikuwa wengi, na waliobaki hai, wengine hawakurudi makwao. Ukisoma vibao vya mitaa unawasoma waliofika: Nyamwezi, Kongo, Pemba, Mafia, Likoma. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyesema atakaa miezi mitatu.

Nje ya soko, kati ya muuza mitishamba na fundi wa miavuli, mtu alitandika gunia akapanga vitabu vikuukuu. Vilikuwa vya shule, vya dini, na riwaya zisizo na jalada. Sauti ya Dhiki ilikuwa chini ya kitabu cha hesabu, jalada limechanika pembeni. Nilimvuta bibi kanga. Akatazama kitabu, akanitazama mimi, akahesabu sarafu zilizobaki baada ya nazi. "Mashairi hayaliwi," alisema. Kisha akalipa.

Nilikificha chini ya godoro. Nilikuwa darasa la sita, nikakisoma usiku kwa koroboi, na sikuelewa nusu yake. Maneno yalifanana na yangu lakini yamevaa nguo nyingine. Niliona haya kumuuliza mtu.

Halafu ikaja siku ya mvua. Ulikuwa mwezi wa masika, na mimi niliyapanga mawe juani nikaenda kucheza rede na watoto wa nyumba ya tatu. Wingu lilipanda kutoka baharini kwa ghafla, likafungua. Nilipokumbuka, nilikuta mawe yamelala kwenye maji juu ya bati, mawili yametoa ute mweupe. Nilimpa babu mkononi bila kusema neno. Naye hakusema neno, na hilo lilikuwa zito kuliko kofi. Hapakuwa na mawe mengine mtaani. Wazee walifika, wakakaa mahali pao, wakatazama redio iliyokaa kimya kwenye stuli yake kama maiti inayosubiri kuoshwa. Mvua ilidondoka kwenye ukingo wa bati. Hata muuza kahawa alimimina taratibu.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikwenda chumbani, nikarudi na kitabu, nikasimama kizingitini. "Shikamooni babu zangu."

"Marahaba."

"London leo haipo. Lakini yule wa Kuze ninaye."

Mzee wa Mombasa alikipokea kitabu, akakisogeza kwenye jicho lake zima, akakisogeza mbali, akanirudishia. "Mato yangu hayafai. Kaa hapa usome wewe." Akaonyesha pembeni yake, barazani. Babu alikohoa, akanyamaza. Ndiyo siku ya kwanza nilipovuka ule mlango nikakaa upande wa wazee.

Nikaanza na shairi ambalo jina lake lilikuwa fupi, nikidhani litakuwa rahisi. Nilisoma, "Si wati."

"Nini?"

"Si wati. Wati, babu, za umeme."

Safari hii hakuna aliyekaa mkao wake. Muuza kahawa aliweka dele chini ili acheke vizuri. Mzee wa Mombasa alifuta machozi kwa ncha ya kanzu, akanishika bega. "Siwati, mwanangu. Kuwata ni kuacha. Siwati, siachi. Tena hiyo ti yake, ulimi uguse meno, usiguse ufizi. Sema."

Nikasema. Akatikisa kichwa. Nikasema tena. Mara ya nne au ya tano akafumba macho, na nilijua kwamba nimeipata, kwa kuwa hakuwa tena Mtaa wa Mchikichi.

Tulisoma mpaka adhana ya isha kutoka Msikiti wa Mtoro. Jioni ya pili waliniita wenyewe, na mawe mapya yalipopatikana wiki ile, walizima redio mapema ili wapate kusomewa. Shairi la Mnazi lilitugharimu jioni tatu. Ni majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi, na baraza liligawanyika katikati. Babu alikuwa Alii kabisa. Muuza kahawa, aliyepanga chumba kimoja na watoto watano, alikuwa Badi, akawa anamimina vikombe vya wapinzani nusunusu. Walipofika mahali pa kupandishiana sauti, bibi alipaza yake kutoka uani: nyie gombeeni mnazi, mimi nazi zimeniishia, na wali hautajipika. Walinyamaza wote. Kisha mzee wa Mombasa akasema kwa upole kwamba hiyo nayo ni hoja, na huenda mshairi hakuifikiria.

Nilijifunza mengi barazani pale, ila moja nililielewa baadaye sana. Mzee yule alikaa Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini na bado tulimwita mgeni kwa sababu ya ndoo na mato yake. Abdilatif alitoka kwao akaja kwetu, akatoka kwetu akaenda kwa watu wa baridi, na kila jioni sauti yake ilipotoka redioni hakuna aliyemwita mgeni. Lugha yetu ilikuwa na vyumba ambavyo sisi wa Kariakoo hatujawahi kuingia, na wenyewe walikuwa wamekaa barazani kwetu muda wote, wakichekwa.

Mzee wa Mombasa alifariki mwaka 1984. Tulimzika Kisutu, na wakati wa kurudi babu alibeba ile kofia ya viua mkononi, kwa kuwa hakukuwa na ndugu wa kumpa. Mwaka 1986 Abdilatif aliondoka BBC, akawa mhariri wa jarida la Africa Events hukohuko London. Mwaka 1995 alihamia Ujerumani, akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig hadi alipostaafu mwaka 2011. Nimewaza mara nyingi juu ya wanafunzi wale wa Kijerumani, na kama nao waliambiwa waguse meno kwa ulimi.

Nyumba ya Mchikichi haipo. Mahali pake pana ghorofa la maduka ya vitambaa na simu, na pale palipokuwa na mpapai pamesimama jenereta. Soko la Amuli liliungua Julai 2021. Nililitazama likifuka moshi kwenye televisheni, nikasikia harufu ya viazi vyenye udongo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili hadi kustaafu kwangu. Kila mwaka, nilipofika kwenye lahaja, nilianza na kisa cha ndoo, na kila mwaka darasa lilicheka, nami niliwaacha wacheke kwanza. Mwaka 2016 Mkuki na Nyota, wachapishaji wa hapahapa Dar es Salaam, walitoa kitabu juu ya maisha na kazi ya Abdilatif, Poet in Politics, kilichohaririwa na Rose Marie Beck na Kai Kresse. Nilikinunua, nikakiweka rafuni karibu na ile Sauti ya Dhiki yenye doa la kahawa ukurasa kwa ukurasa. Nikisoma bado nafuata kidole cha mtu asiyeona vizuri.

Kama kwenu kuna mzee anayesema maneno ya kwao na watoto wanamcheka, zima simu jioni moja, mketishe, umsomee kitabu. Akikusahihisha, usibishe. Rudia mpaka afumbe macho.